Bei ya kahawa inapangwa New York: ning'oe mibuni nipande parachichi?

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkulima wa Kibosho, Kilimanjaro. Mume wangu anafanya kazi Dar, kihamba (shamba letu la nyumbani) nakiangalia mimi. Tuna mibuni kama mia nne, mingi aliipanda baba mkwe, pamoja na migomba na ng'ombe wawili. Msimu uliopita tulilipwa vizuri. Msimu huu malipo ya awali yameshuka, na tulipouliza kwenye chama chetu cha ushirika karani akajibu 'New York imeshuka', basi. Wakati huohuo mbolea dukani haishuki, tunaambiwa ni vita vya Urusi na Ukraine. Shemeji yangu anasema kahawa ni utumwa, tung'oe yote tupande parachichi, maana ukikosa mnunuzi unakula mwenyewe. Naomba kuelewa: kwa nini mtu wa New York apange bei ya kahawa ya Kibosho? Kwa nini serikali isitangaze bei yetu wenyewe? Na je, nimsikilize shemeji?"*

Marahaba, dada. Nianze na karani wenu. Hakuwadanganya, ila amewapa robo ya jibu, na robo ya jibu ndiyo inayomfanya mtu ashike shoka. Kahawa yako imefungwa na dunia kwa kamba kadhaa, na kila kamba inavutwa na mtu tofauti kwa wakati wake. Ukiziona zote kama kitu kimoja kinachoitwa "Wazungu", hutajua ipi inakuumiza msimu huu wala ipi unaweza kuilegeza mwenyewe.

Kwanza, New York hakuna mtu anayekaa mezani kupanga bei ya Kibosho. Kuna soko la mikataba ya kahawa ya arabika, ambapo mkataba mmoja ni pauni 37,500, yaani takriban tani 17. Robusta, kama ile ya wenzetu wa Kagera, ina soko lake London. Wanaokutana pale ni wakaangaji wanaotaka uhakika wa bei ya miezi ijayo, wauzaji wanaojikinga na hasara, na wafanyabiashara wa fedha ambao hawajawahi kugusa gunia na hawana mpango huo. Hao wa mwisho huikuza mitikisiko, sitakuficha. Lakini bei ikipanda au kushuka kwa muda mrefu, chanzo huwa ni kahawa yenyewe: imepatikana kiasi gani duniani, na inanywewa kiasi gani.

Bei hiyo inafikaje Moshi? Mnunuzi anayeinua mkono mnadani mara nyingi ameshamuahidi mkaangaji wa Hamburg au Tokyo kahawa kwa "bei ya New York, ongeza kidogo" au "toa kidogo", kulingana na daraja: AA, A, B, ile punje moja ya mviringo inayoitwa PB, na kuendelea. Kwa hiyo kabla hajataja bei yake anaangalia simu kujua New York imeamkaje. Hawezi kulipa zaidi ya atakachorudishiwa, na akilipa chini sana mwenzake wa kiti cha pili anamnyang'anya.

Chukua kalamu tupige hesabu, maana hii nataka uweze kuifanya mwenyewe siku karani akikupa jibu la maneno mawili. New York hutaja bei kwa senti za dola kwa pauni moja. Mnada wa Moshi hutaja kwa dola kwa kilo 50. Ukitaka kutoka kule kuja huku, zidisha kwa 1.1. Tuseme New York iko senti 300: hiyo ni kama dola 330 kwa kilo 50, au dola 6.60 kwa kilo. Dola ikiwa shilingi 2,500, kilo ni shilingi 16,500. Hapo tunazungumzia kahawa iliyokobolewa. Wewe unapeleka ya maganda, na kilo tano za maganda hutoa takriban kilo nne zilizokobolewa, kwa hiyo kilo yako ya maganda inasimama kwenye shilingi 13,200 kabla ya makato: usafiri, ukoboaji, ushuru wa halmashauri, gharama za chama, na marejesho ya mkopo kama chama kilikopa ili kuwapa malipo ya awali. Bei ya daraja lako nayo inaweza kuisogeza juu au chini.

Sasa usiguse New York kabisa, badilisha dola tu. Mwaka 2024 dola ilipita shilingi 2,700, kisha kabla mwaka haujaisha ikarudi karibu na 2,400. Kwa senti 300 zilezile, kilo ya maganda inapoteza karibu shilingi 1,600 kwa sababu shilingi yetu imepata nguvu. Brazil haijafanya lolote, New York haijafanya lolote. Mwenye duka anayeagiza nje anashangilia, wewe unanuna, na karani anasema "New York imeshuka" kwa kuwa ndilo neno alilozoea. Muulize: ni New York, ni dola, ni daraja, au ni makato? Hayo ni mambo manne, na kila moja lina karatasi yake.

Kamba ya Brazil ni nene kuliko zote. Wao hutoa takriban theluthi ya kahawa ya dunia. Tanzania nzima, kuanzia Mbinga na Mbozi mpaka Kagera na huku kwetu, haifikishi hata asilimia moja. Majira yao ya baridi ni Juni mpaka Agosti, na barafu ikishuka usiku mmoja kwenye mashamba yao, majani yanaungua na mavuno ya mwaka unaofuata yanapungua. Julai 1975 barafu iliangamiza mibuni ya jimbo la Paraná, na mwaka 1977 bei ilipita dola tatu kwa pauni. Julai 2021 ikapiga tena, na ndani ya mwaka huo bei karibu iliongezeka maradufu. Julai ni wakati ambao wewe unaanza kuchuma. Ndiyo maana habari za hali ya hewa za upande wa pili wa dunia zinafika Kibosho ukiwa na kikapu mkononi. Ukame wa Brazil na Vietnam ndio uliochangia New York kupita senti 400 mwanzoni mwa 2025, na huenda malipo mazuri unayoyakumbuka yalitoka katika hali kama hiyo. Agosti 2025 Marekani ikaiwekea Brazil ushuru wa asilimia 50, kahawa ikiwemo, na Novemba ikauondoa kwa kahawa. Katikati ya hapo wanunuzi wa Marekani walihangaika kutafuta kahawa kwingine na soko likayumba. Ugomvi wa watu wawili, na wewe hukualikwa.

Unaweza kuuliza: basi hiyo ni kutegemeana gani? Neno linatudanganya kidogo, kana kwamba wote wamekaa usawa. Wewe umekulia kwenye mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, unajua. Aliye juu ya mfereji na aliye chini wote wanauhitaji, na wote wanatakiwa kuja kuuzibua, lakini aliye juu akifunga maji, wa chini anajua siku hiyohiyo. Wa chini akifunga, wa juu anaweza asijue mwezi mzima. Katika kahawa sisi tuko chini ya mfongo. Hilo halitufanyi watumwa, ila linatupa sababu ya kutopanga maisha kana kwamba tuko juu.

Kwa nini serikali isitangaze bei? Hilo si wazo la kijinga, na lilishajaribiwa kwa namna kubwa kuliko unavyodhani. Mwaka 1962 nchi zinazolima na zinazonunua zilisaini Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa, kila mlimaji akapewa kiwango cha kuuza nje ili bei isianguke. Kwa vipindi virefu ulifanya kazi. Lakini ulisimama kwa sababu wanunuzi wakubwa, Marekani hasa, waliutaka kwa sababu zao za kisiasa za enzi za vita baridi. Julai 1989 viwango vilisitishwa, bei ikaanguka vibaya ndani ya miezi michache. Mwaka 2000 wazalishaji walijaribu peke yao kuzuia sehemu ya kahawa yao isiende sokoni. Wengine walizuia, wengine waliuza, na mwaka 2001 bei ikashuka chini ya senti 50. Wazee wako wanaukumbuka wakati ule: watu waliacha kupulizia, mibuni ikaliwa na chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, wengine wakang'oa.

Kwa nchi yenye chini ya asilimia moja, kutangaza bei peke yake kuna njia mbili tu. Ukiiweka juu ya soko, mnunuzi anakwenda kwingine na tofauti italipwa na hazina, yaani na wewe kwa mlango wa nyuma. Ukiiweka chini, kahawa inavuka mpaka usiku. Wazee wa Rombo na wa Kagera hawahitaji kusimuliwa. Kitu ambacho serikali na vyama wanaweza kufanya, na hapa nina ukali kidogo, ni kuhakikisha bei ya dunia inakufikia ikiwa nzima: mnada wenye wanunuzi wengi, makato yanayosomeka, malipo yasiyochelewa. Babu zetu walilielewa hili. Wakulima wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925 wakati walowezi hawakutaka Mwafrika alime kahawa, na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ikafuata mwaka 1933. Hawakuwa na uwezo wa kuamuru New York. Walichotaka ni kupunguza mikono kati ya kihamba na meli.

Mbolea ni kamba nyingine kabisa. Urea hutengenezwa kwa gesi asilia, na Urusi ni kati ya wauzaji wakubwa duniani. Mbolea za potashi kwa wingi hutoka Canada, Urusi na Belarus. Vita ilipoanza Februari 2022, gesi ikapaa, vikwazo vikaja, na bei ya mbolea ikafika pale ulipoona. Ndipo ruzuku ya serikali ikaanza msimu wa 2022/23. Kuhusu kwa nini dukani haishuki haraka: mfuko unaouona leo ulinunuliwa miezi mingi iliyopita, kwa dola ya wakati ule, ukalipiwa meli ya wakati ule. Bei ya kahawa inakufikia ndani ya siku, bei ya mbolea inakufikia ndani ya miezi. Ndiyo maana unaweza kubanwa na kahawa iliyoshuka na mbolea ambayo bado iko juu. Anayekwambia sababu ni vita tu anarahisisha, lakini hajazua.

Sasa nifike mahali ambapo huenda hutanipenda. Umeniambia una mibuni mia nne, mingi ya baba mkwe. Hukuniambia mbuni mmoja unakupa kilo ngapi, na hilo ndilo ningeliuliza kabla ya New York. Mibuni mingi ya mlimani imezeeka, inabanwa na kivuli kizito, na ile ya aina za zamani inaliwa na chulebuni na kutu ya majani. Ukiwa unapata nusu kilo kwa mbuni na ukafikisha kilo moja, bei ikianguka kwa theluthi nzima bado utakuwa na pesa nyingi kuliko leo. Bei huwezi kuigusa. Kilo kwa mbuni unaweza.

Kuhusu parachichi, shemeji yako hajakosea kwamba lina soko. Amekosea kudhani linakutoa kwenye dunia. Linakuingiza zaidi. Kahawa ya maganda iliyokaushwa vizuri inavumilia stoo miezi kadhaa ukisubiri mnada. Parachichi la Hass, aina inayouzwa nje, likishachumwa linahesabu siku. Linahitaji gari la baridi, chumba cha baridi, kontena la baridi, bandari isiyo na foleni. Mengi ya Tanzania yamekuwa yakipitia Mombasa, kwa hiyo unategemea na jirani pia. Novemba 2023 meli zilipoanza kushambuliwa Bahari ya Shamu, nyingi ziliacha njia ya Suez zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ya Ulaya ikaongezeka siku kumi mpaka kumi na nne. Kahawa ilichelewa ikafika kahawa. Parachichi lililochelewa lilifika likiwa limelainika. Ongeza Peru, ambayo katikati ya mwaka hulimwaga Ulaya kwa wingi unaoangusha bei. Ni kweli milango mingine inafunguka, China ilikubali parachichi letu Novemba 2022, lakini kila mlango una masharti yake ya ukaguzi na dawa. Na hilo la "unakula mwenyewe": tenga la kwanza mtakula, la pili mtagawa kanisani. La kumi?

Shemeji angesema "tuuze majirani tu" ningemsikiliza zaidi, ingawa hata ujirani una siku zake. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa hofu ya sumukuvu, kisha ikafungua baada ya siku chache kwa masharti. Waliokuwa na malori Namanga na Holili wanajua siku chache zinagharimu nini.

Mimi ningekuwa kwenye kihamba chako, nisingeng'oa yote. Ningeanza kwa kupima: msimu huu weka alama kwenye mibuni kumi ya sehemu mbalimbali, pima kahawa ya kila mmoja. Ile isiyolipa, iliyozeeka au yenye magonjwa kila mwaka, iondoe kwa awamu, labda robo kwa mwaka, uweke miche ya aina zinazostahimili chulebuni na kutu, kutoka TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, pale Lyamungo au bustani za miche wanazozitambua. Yenye shina zuri ikate kisiki ichipue upya. Utapoteza mavuno ya sehemu hiyo kwa kama miaka miwili mitatu, usijidanganye, ndiyo maana nasema robo. Parachichi, panda machache pembezoni ambapo hayatafunika kahawa, na yasizidi yale ambayo soko la Moshi mjini linaweza kuyameza kama mnunuzi wa nje hatokei. Migomba usiiguse. Haiulizi dola, inakulisha mtori na kumlisha ng'ombe, na samadi ya ng'ombe hao wawili ndiyo mbolea pekee uliyo nayo isiyopitia bandari. Haitatosha peke yake, lakini inapunguza mifuko. Fosfeti ya Minjingu, iliyo jirani hapa Manyara, nayo hufaa kwenye udongo wenye tindikali. Kwanza udongo upimwe.

Halafu ubora. Kwa wingi hatuna sauti, kwa ladha tunayo. Wajapani wameijua kahawa ya Tanzania kwa jina la Kilimanjaro kwa miongo mingi na wanalipia jina hilo. Kuchuma mbivu tupu, kumenya siku hiyohiyo, kutoanika chini: hizo ni shilingi zinazotoka mikononi mwako. Ningependa pia tuinywe zaidi. Ethiopia hunywa karibu nusu ya kahawa yake, na bei ya nje ikianguka wana pa kuiegemeza. Sisi tunaisifu kwa wageni halafu tunachemsha chai.

Chama kikija kupima mipaka ya shamba lako kwa simu, kubali. Umoja wa Ulaya umetunga sheria mwaka 2023 kwamba kahawa isitoke kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wanajiandaa. Kihamba cha miaka mingi hakina cha kuogopa, ila bila kumbukumbu hakuna atakayekijua.

Na kuna mambo ambayo jibu la maandishi halitoshi. Majani yakigeuka njano bila sababu au punje zikiwa na madoa meusi, mlete afisa ugani shambani au peleka sampuli Lyamungo. Usinunue dawa kwa kusikia. Ukifikiria mkopo kwa ajili ya parachichi, kaa kwanza na mtu wa hesabu asiyeuza miche, na umwombe akupigie hesabu kwa bei mbaya. Kihamba ni cha ukoo, kwa hiyo kabla ya kung'oa hata safu moja mzungumze na mume wako na wazee, ikibidi apande basi aje. Maneno ya simu huwa yanageuka baadaye. Na kuhusu malipo, nenda chamani na mwenzako mmoja, ombeni kuonyeshwa matokeo ya mnada ya kahawa yenu: daraja, bei kwa dola, dola ilibadilishwa kwa shilingi ngapi, makato moja moja. Ni haki ya mwanachama. Wakizungusha mara ya pili, andikeni barua kwa Afisa Ushirika wa wilaya na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri.